Deni la Bodi milioni 12 halikuwa tatizo, laki mbili za kwenye simu ndizo zilizotaka kumtoa Law School

Hiki kisa nakiandika kwa ruhusa ya mwenyewe, jina naliacha. Ni binti aliyemaliza digrii ya sheria chuo cha serikali, miaka minne kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, akafanya kazi za hapa na pale mwaka mmoja bila mkataba, ndo akaingia Law School ya Tanzania, shule ya kuwaandaa mawakili, pale barabara ya Sam Nujoma, Dar. Mimi nafanya kazi ya uhasibu, watu wa ukoo na majirani wakikwama na mahesabu wananiletea, na huyu aliletwa na shangazi yake. Neno la kwanza baada ya shikamoo lilikuwa "kaka mimi naacha shule, Bodi inanidai milioni 12 na siwezi kuendelea kuongeza madeni".

Nikamuuliza Bodi imekudai lini, nani amekupigia? Hakuna. Hakuna mtu wa Bodi aliyempigia wala kumtumia barua. Alikuwa ameingia tu kwenye akaunti yake ya Bodi usiku mmoja akaona 12,400,000 na ule usiku hakulala. Waliokuwa wanapiga simu ni watu wengine kabisa, na ndo kisa chenyewe kinapoanzia.

Tuanze na hiyo milioni 12 kwanza maana inatisha wengi bure. Zamani deni la Bodi lilikuwa linaongezeka lenyewe kila mwaka kwa ile tozo ya kulinda thamani ya mkopo, asilimia 6. Kwa deni la 12,400,000 hiyo ni 744,000 kwa mwaka, yaani umekaa nyumbani huna kazi na deni linazidi kunenepa. Rais Samia akaifuta, alitangaza Mei Mosi 2021, na ikafuatia kufutwa kwa adhabu ya asilimia 10 kwa waliochelewa kulipa. Tangu hapo deni la mtu ambaye bado hajaanza kulipa linasimama palepale. Ukiajiriwa unakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, mwajiri ndo anakata na kupeleka. Ukijiajiri, kama wanavyofanya mawakili wengi wachanga, kiwango ni kuanzia laki moja kwa mwezi. Kwa huyu binti laki moja kwa mwezi ni miezi 124, miaka kumi na kidogo. Ni mirefu, sikatai, lakini kwa mwezi ule aliokuja kwangu hilo deni lilikuwa linamtoa shilingi ngapi mfukoni? Sifuri.

Nikamwambia weka hilo pembeni, toa simu, tuandike kila anayekudai.

Hapo akanyamaza kwanza. Halafu akafungua meseji. Kulikuwa na programu tatu za mikopo, zile za kupakua unajaza namba ya nida na picha yako na ndani ya dakika kumi hela imeingia. Ya kwanza unaomba 50,000 unapewa 37,500, wanakata "ada ya huduma" mbele, na baada ya siku 7 unarudisha 50,000 kamili. Ya pili inaingia 56,000, unarudisha 80,000 ndani ya siku 7. Ya tatu inaingia 70,000 unarudisha laki baada ya siku 14. Jumla alizopokea mkononi ni 163,500, anazodaiwa ni 230,000.

Sasa mtu atasema laki mbili na nusu kasoro ni hela gani ya kumuachisha mtu shule. Ngoja uone zinavyofanya kazi. Hela alikuwa hana, kwa hiyo siku ya saba anatafuta 50,000 popote analipa, na dakika ileile anaomba tena 37,500 ili arudishe pale alipoazima. Kila akizungusha anaacha 12,500. Ile ya kwanza tukaihesabu kwenye meseji za muamala, alikuwa ameizungusha mara nane. Laki moja nzima imeondoka kwa kutumia 37,500 ambazo ni zilezile, na bado anadaiwa 50,000 kama siku ya kwanza! Nilimpa kalamu aandike mwenyewe, 12,500, 12,500, 12,500, mstari kwa mstari, maana nikimwambia kwa mdomo haingii. Alipofika wa tano akaacha kuandika akasema "kaka inatosha nimeelewa".

Ukiweka zote tatu, kwa wiki alikuwa anaacha 12,500 na 24,000 na 15,000, jumla 51,500. Wiki nne ni 206,000. Na kipato chake chote kwa mwezi ni 230,000. Deni lisilofika hata asilimia mbili ya lile la Bodi lilikuwa linakula karibu kila shilingi aliyoipata, na yeye alikuwa anailaumu Bodi.

Swali lililonisumbua mimi zaidi ni jinsi alivyofika huko, maana huyu si mtu wa anasa. Nikamuomba bajeti yake. Zinazoingia: kaka yake aliyepo Mwanza anatuma 150,000, na tuisheni ya watoto wa nyumba mbili 80,000. Zinazotoka: chakula 3,500 kwa siku kwa hiyo 105,000, nauli ya daladala 600 kwenda na 600 kurudi, kwa siku 25 ni 30,000, kuprinti na kutoa kopi 20,000 (Law School ni makaratasi, kila kitu unadrafti unaprinti), bando 15,000, na mchezo wa kina dada (ule wa kuchangishana na kupokezana kwa zamu) elfu 10 kila wiki, 40,000. Jumla 210,000. Chumba analipa elfu 80 lakini kodi alishalipa miezi sita. Kwa hiyo kwenye karatasi kila mwezi anabaki na elfu 20. Bajeti imekaa sawa kabisa! Mwalimu yeyote angempa maksi.

Kasoro ni kwamba bajeti yake haikuwa na tarehe. Tuisheni inalipwa mwisho wa mwezi. Hela ya kaka inaingia siku kaka akilipwa, na kaka ni mtu wa kazi za mkataba mfupi, mwezi mwingine ni tarehe 5, mwingine tarehe 20. Mwezi ambao alikopa mara ya kwanza kaka alituma tarehe 19. Toka tarehe moja mpaka 19 binti alikuwa na elfu nane. Na siku zile akaletewa kadi ya mchango wa harusi ya mwenzake wa chuo, elfu 50, na kwenye hivyo vikao jina lako likiitwa huna kitu ni aibu. Halafu suti nyeusi, maana kule mavazi ni ya kiofisi, na aliyokuwa nayo ilishachanika kwapani. Akakopa ya kwanza ale na apande daladala, ya pili alipe ya kwanza, ya tatu kwa ajili ya suti na sehemu ya kadi. Hela ya kaka ilipoingia tarehe 19 ikakuta midomo inasubiri.

Mambo ya kubana matumizi, usinywe soda, usinunue wigi, yanasemwa sana kwa wanafunzi na kwa huyu yasingesaidia lolote. Angeweza kufunga saumu mwezi mzima na bado tarehe 10 hana nauli. Wakati yuko chuo alizoea bumu, ile hela ya kujikimu ya Bodi, ilikuwa inakuja ya siku sitini kwa mpigo na ikichelewa inachelewa ya wote, mnakula pamoja mnakopeshana bwenini mnalipana bumu likitoka. Law School hilo hakuwa nalo. Bodi ina mwongozo wake wa mikopo kwa wanafunzi wa Law School, ila yeye hakupata. Akabaki peke yake na kipato cha tarehe zisizojulikana na matumizi ya kila siku asubuhi.

Na bado kulikuwa na kitu hajaniambia. Nilipouliza ada ndo ukweli ukatoka. Familia walichanga na yeye akaongeza akiba yake ya ule mwaka wa vibarua, ikawa milioni 1.6 kwa ajili ya ada ambayo ilikuwa 1,570,000. Akalipa laki nane ya mwanzo. Zikabaki laki nane za awamu inayofuata. Mwenye nyumba akataka kodi ya miezi sita mbele, 480,000, na kila aliyefika Dar anajua hiyo, ukisema nitalipa mwezi mwezi wanakuonyesha geti. Akachomoa kwenye ada. Zikabaki 320,000 benki, na ada aliyokuwa anadaiwa ni 770,000, pengo la 450,000.

Yaani alikuwa na 320,000 benki huku anadaiwa 230,000 kwenye simu na anaachia 51,500 kila wiki. Nikamuuliza kwa nini usilipe? Akanijibu kwa ukali kidogo, "hiyo ni ya ada kaka, siigusi, nikiigusa nimekwisha". Na ninamuelewa kabisa, hela ya ada kwa familia ya aina yetu ni kitu kizito, mama ameuza mpunga wa Kyela, mjomba ametoa, ukiigusa ni kama umewatukana. Watu wengi wangemsifu kwa nidhamu. Mimi nilimwambia aiguse leo hiihii.

Sababu yangu ni hesabu. Awamu ya pili ya ada ilikuwa bado miezi miwili. Akiiacha ile 320,000 ilivyo, kwa miezi miwili programu zitakula 412,000, na kwa kuwa kipato chake hakibebi hizo pamoja na chakula, atafungua ya nne na ya tano, mwisho wa siku ada yenyewe itaguswa tu lakini ikiwa kwa deni la laki tano. Akitoa 230,000 leo zinabaki 90,000 na damu inaacha kutoka. Si bure mtaani wanaiita mikopo ya kausha damu.

Akawa anabisha, na hoja yake moja ilikuwa na maana. Ile ya laki moja ya siku 14 ilikuwa imebakiza siku sita na ukilipa mapema hawakupunguzii chochote, sasa kwa nini alipe leo? Kimahesabu yuko sahihi. Ila laki ikikaa mkononi siku sita kwa mtu ambaye kaka hajatuma, siku ya sita utakuta elfu sitini. Akalipa zote tatu palepale mezani, akapiga picha meseji za uthibitisho, akasubiri salio lisome sifuri, ndo akafuta programu. Picha tukazihifadhi maana hawa watu wana tabia ya kurudi wiki mbili baadaye wanakwambia bado unadaiwa.

Kuhusu hao wapigaji. Alipochelewa siku mbili tu mwezi uliopita walituma meseji kwa watu waliopo kwenye simu yake, mjomba, mama wa mtoto anayemfundisha tuisheni, na mbaya zaidi wakili anayetarajia kumpokea fildi, yaani mafunzo ya vitendo, kwamba huyu ni tapeli na amewaweka wao kama wadhamini. Hicho ndicho kilichomfanya atake kuacha shule, aibu, kuliko hela. Sasa ukweli ni huu: Benki Kuu Novemba 2024 ilitoa orodha ya programu 69 za mikopo zinazofanya kazi bila leseni, na moja kati ya tatu za kwake ilikuwemo. Mkopeshaji wa daraja la pili (anayekopesha bila kupokea amana) mwenye leseni chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 riba yake haitakiwi kuzidi asilimia 3.5 kwa mwezi, linganisha na 12,500 kwa 37,500 ndani ya wiki moja, ni theluthi nzima. Na kuchukua namba za watu kwenye simu yako na kuwatumia habari za deni lako ni jambo la kupelekwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, sheria yake ipo toka 2022. Nilimwambia wewe ni mwanasheria, andika malalamiko. Akaandika kurasa mbili safi kabisa, zimenyooka, nikaona moyo umemrudi. Kwa yule wakili alikwenda mwenyewe akamweleza mubashara, na yule mzee akamwambia hata yeye ameshapokea meseji za hivyo za watu wawili wengine, njoo fildi tarehe ileile.

Tahadhari moja hapa, mikopo ya simu ambayo nyuma yake kuna benki ni jambo jingine. Ile inaingia kwenye kumbukumbu za mikopo za Benki Kuu, na kampuni kama Creditinfo ndizo zinazotoa ripoti zake kwa wakopeshaji. Kwa wakili mtarajiwa anayetaka kesho kukopa afungue ofisi, kuchafua jina hapo kwa elfu thelathini ni hasara kubwa. Huyu hakuwa na deni la hivyo, ila alikuwa na ile huduma ya kuongezewa salio la kumalizia muamala, na ubaya wake ni kwamba hela yoyote ikiingia inakatwa kwanza kabla hujaishika. Kaka anatuma 60,000 ya nauli inaonekana 41,000. Tukaimaliza na kuizima, na hela ya kaka ikahamia kwenye laini nyingine.

Halafu kujaza pengo. Hapa sikuwa na mengi, mengi aliyafanya mwenyewe. Mchezo wao una watu kumi na wawili, elfu kumi kwa wiki, kwa hiyo mtu anavuta 120,000, na zamu yake ilikuwa ya kumi. Akamwendea kijumbe, yule anayeusimamia mchezo, akaomba abadilishane na dada mmoja ambaye alikuwa anataka yake iangukie Desemba. Wakakubaliana akavuta wiki iliyofuata. Ataendelea kuweka elfu kumi mpaka mwisho, hiyo ipo palepale, lakini ni mkopo usio na riba hata senti na watu wanaokujua. Halafu akamleta mwanafunzi mwenzake chumbani, akachangia elfu 40 kwa miezi mitatu iliyobaki ya kodi, 120,000 kwa mkupuo. Ukijumlisha na zile 90,000 ni 330,000. Yaani wiki mbili baada ya kuigusa ada "isiyoguswa" akaunti ilikuwa na elfu kumi zaidi ya alipoanza, na hadaiwi na programu yoyote.

Ikabaki 440,000. Hizi ziliamuliwa kwenye kikao cha familia kwa simu Jumapili jioni. Nilimshauri asiende na machozi, aende na karatasi, apige picha bajeti aitume kwenye grupu la familia kabla ya kikao. Alieleza mpaka kodi ilivyochomolewa kwenye ada, kitu alichokuwa amekificha miezi mitatu. Mama alisikitika, mjomba alifoka dakika tano hivi, halafu akasema ataweka laki mbili. Mama laki moja na debe la mchele kwa basi. Kaka 140,000 kwa awamu mbili. La maana kuliko hizo hela, kwa maoni yangu, ni alichokubali kaka: badala ya 150,000 kwa mpigo siku asiyoijua, atatuma 75,000 tarehe 5 hata kama ni kwa kuazima kwa wenzake kazini, na 75,000 nyingine akilipwa. Kaka hakuwa amejua kabisa kwamba kuchelewa kwake kuna gharama. Alijua anatuma kila mwezi, basi.

Bajeti mpya ina safu ya tarehe. Wiki ya kwanza kuna hela ya tarehe 5, mwisho wa mwezi tuisheni, na kati yake kuna elfu thelathini iliyotengwa ambayo kazi yake ni moja tu, kula na kupanda gari kama hela imechelewa, ikitumika inarudishwa kwanza kabla ya kitu kingine. Chakula kimeshuka mpaka elfu 70 kwa mchele wa mama na kupika wawili. Kuprinti 15,000 kwa kugawana kopi na kundi lake. Nauli 30,000, bando 10,000, mchezo 40,000. Na elfu 40 ya kodi inatengwa kila mwezi, maana mwenye nyumba atarudi na miezi sita yake na awali bajeti ilijifanya kodi haipo. Jumla 205,000. Zinabaki 25,000.

Kuhusu hiyo 25,000 tulibishana tena. Yeye, bado ule usiku wa milioni 12 uko kichwani, alitaka aanze kuipeleka Bodi kidogokidogo, atoe kontroo namba alipe. Mimi nimekataa. Bodi inampa miezi 24 baada ya kumaliza chuo, deni halikui, na shilingi atakayoipeleka leo haimpunguzii kitu chochote mwezi huu. Wakati huohuo yuko kwenye shule ambayo mwaka 2022 matokeo yalipotoka, kati ya 633 waliofanya mtihani walifaulu 26, 342 wakapewa sapu, yaani kurudia mitihani, na 265 wakadisko, yaani wakaondolewa, mpaka waziri wa sheria wa wakati huo, Ndumbaro, akaunda kamati chini ya Dk. Mwakyembe kuchunguza. Simuombei mabaya, anasoma kwa bidii, lakini bajeti yake ilikuwa inaishia mwezi wa mitihani kana kwamba kufaulu mara ya kwanza ni lazima. Sapu maana yake ni miezi mingine ya kodi, chakula na nauli ukiwa Dar, kipindi ambacho familia imeshatangaza kwamba umemaliza.

Kwa hiyo 25,000 inakwenda kwenye akaunti ya pembeni ya sapu. Akifaulu moja kwa moja, hizo hela zitamlipia gharama za kuapishwa uwakili. Kwa Bodi tumekubaliana aingie kwenye akaunti yake mara moja kila miezi mitatu, mchana, ahakiki kiasi ni kilekile, afunge aendelee kusoma.